Deni la Mtu Halifungiwi Karanga

Dukani kwa marehemu baba, hapa Yoba mjini Gitega, Burundi, kulikuwa na vitu viwili ambavyo sisi watoto hatukuruhusiwa kuvigusa: mizani na daftari. Sababu ya mizani tuliielewa. Daftari ndilo lililotutatiza. Lilikuwa kitabu kirefu chenye jalada gumu na kingo nyekundu, na humo baba aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, kama alivyofundishwa na babu aliyetokea Ujiji. Juu ya rafu ya sabuni alikuwa amebandika kipande cha katoni chenye maneno ya mkaa: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mteja akija kukopa, baba hakukimbilia kalamu. Alimwambia, "Haya, sema mwenyewe." Mteja akasema: kilo 2 za mchele, nusu lita ya mawese, chumvi, nitalipa tukishavuna maharage. Baba akaandika huku akilirudia kila neno kwa sauti. Kisha akalizungusha daftari juu ya meza likamwelekea mteja, hata kama mteja mwenyewe hakujua alifu wala be, akamsomea mstari wote huku kidole kikifuata wino. "Ndivyo?" "Ndivyo, mzee." Barazani palikuwa na fundi cherehani, shahidi wa kila siku, aliyeitikia "nimesikia" bila kuinua macho kutoka kwenye pindo la nguo. Deni likilipwa, baba alilipiga mstari mbele ya mlipaji, na mlipaji akauona ukipigwa.

Mama naye alikaanga karanga na kuziuza mlangoni, akizifunga kwenye pembe za karatasi tulizochana katika madaftari yetu ya shule. Siku moja, nikiwa na miaka 9, karatasi ziliisha. Nikaona kurasa za nyuma za daftari la baba zimejaa mistari ya madeni yaliyokwisha kulipwa, nikazichana. Baba aliporudi kutoka sala ya alasiri alikuta mwandiko wake umezunguka karanga mikononi mwa watu. Hakunipiga. Alitoka, akawafuata wanunuzi mmoja mmoja hadi kwenye kona ya soko, akawarudishia pesa zao, akarudi na zile karatasi na kuzichoma nyuma ya jiko. Ndipo akaniambia, "Deni la mtu halifungiwi karanga."

Nikamjibu, "Lakini baba, wamekwisha kulipa."

"Ndiyo maana," akasema.

Nilidhani ni ubahili wa karatasi. Imenichukua karibu miaka 40, na kosa langu mwenyewe, kuelewa kwamba marehemu alikuwa akinifundisha jambo ambalo leo wenye vyuo huliita maadili ya data.

*

Nami nimekuwa karani. Mwaka 2021 mradi mmoja, ambao sitautaja, uliniajiri kwa miezi miwili kuwaandikisha wanawake wa vikundi vya kuweka na kukopa huko Muyinga. Walitaka mtu anayejua Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, maana fomu ilikuwa ya Kifaransa na waandikishwaji hawakuwa wa Kifaransa. Tukapewa fulana, kofia na kishikwambi kila mmoja. Mafunzo yalikuwa ya siku 2: namna ya kuchaji, namna ya kupiga picha, namna ya kukandamiza kidole gumba hadi mashine ilie. Hatukufundishwa kumsomea mtu tulichoandika.

Katika mtaa wa Waswahili wa Muyinga nilimwandikisha mama mmoja muuza ndagala kavu. Nitamwita Mama Zuhura, ingawa silo jina lake. Jina likaingia. Mwaka wa kuzaliwa ukaingia, na tarehe nikajaza 1 Januari kama tulivyowajazia karibu wote, kwa kuwa hawakuijua na mashine haikukubali pengo. Kidole gumba, kilicholiwa na chumvi na magamba ya samaki, kilisomwa kwenye jaribio la tano. Kisha ikaja sehemu yenye nyota nyekundu: nambari ya simu.

"Sina simu, mwanangu."

Nikaacha wazi. Kitufe cha kuendelea kikabaki kijivu. Nikajaza sifuri tupu, mashine ikakataa. Jua lilikuwa utosini, nyuma ya mama huyo walikuwa wamepanga foleni akina mama wapatao 30, na msimamizi alitaka watu 40 kwa siku.

"Nyumbani hakuna hata moja?"

"Ipo ya baba watoto. Lakini hiyo ni yake."

"Nipe hiyo hiyo, mama. Ni ya kujaza tu."

Akasita. Nakumbuka alivyokunja ncha ya kanga akaikunjua, akaikunja tena. Kisha akaitaja nambari taratibu, tarakimu moja moja, kama mtu anayehesabu chenji asiyoiamini. Kitufe kikawa kijani. Nikasema, "Anayefuata."

Miezi 3 baadaye mfumo ulianza kutuma ujumbe kwa wanachama. Ulikuwa ujumbe wa adabu sana: salamu, jina kamili, jina la kikundi, na akiba aliyofikisha, faranga 184,000. Mume aliusoma akiwa kijiweni. Hakuwa anajua kwamba mkewe ana kikundi, sembuse akiba. Mama yule alikuwa akiweka kidogo kidogo ili binti yake aende shule ya bweni. Wiki ile ile fedha zilitolewa kwa amri ya mume, binti akabaki mtaani, na mama akajitoa kwenye kikundi kwa aibu. Habari hizi nilizipata kwa dada mmoja wa kikundi hicho, aliyekuja Gitega kwenye harusi. Hakujua kwamba karani ndiye mimi.

Yanayonisumbua hayana mwizi ndani yake. Hakuna aliyevunja seva wala aliyeiba nenosiri. Nambari ilikuwa sahihi, ujumbe ulifika, na bila shaka ripoti ya mradi ilionyesha kwamba wanawake wote waliosajiliwa wana simu. Kila kitu kilifanya kazi kama kilivyosanifiwa. Mtu akaumia.

*

Usiku wa siku niliyopata habari hizo niliteremsha tafsiri ya Qurani ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, ile ya 1969, ambayo baba aliiacha pamoja na miwani yake. Nilitafuta aya ambayo maalim wetu wa madrasa alituhifadhisha kwa bakora kwa sababu ya urefu wake: ya 282 katika Suratul Baqara. Aya hiyo, ndefu kuliko zote katika Qurani, haizungumzii Pepo wala Moto. Inazungumzia karatasi. Inaeleza namna watu wanavyopaswa kukopeshana kwa maandishi.

Niliwahi kuikariri yote bila kujiuliza swali lililo katikati yake: nani aseme maneno ya kuandikwa? Akili ya kawaida ingemtaja mkopeshaji. Mali ni yake na hofu ya kupoteza ni yake. Aya inageuza. Anayesoma imla ni yule anayewekewa deni. Kalamu ya karani inafuata kinywa cha mnyonge. Na kama mnyonge huyo hawezi kujieleza, msimamizi wake atasema kwa niaba yake, naye kwa uadilifu.

Ndipo nikamwona baba amesimama nyuma ya meza: "Haya, sema mwenyewe." Nilikuwa nimedhani ni tabia yake ya upole. Kumbe ilikuwa dini.

Msomaji makini atanikamata hapa. Mama Zuhura hakukopa kitu. Kama kuna mwenye deni, ni ule mradi uliochukua jina na kidole chake. Itakuwaje basi hukumu ya mdaiwa iwe yake? Nimelifikiria sana. Naona mdaiwa hakupewa imla kwa sababu ya fedha, bali kwa sababu ya uzito. Maandishi yakikosewa, mkopeshaji atapungukiwa, lakini mdaiwa atabanwa. Yeye ndiye atakayeamka siku moja agongewe mlango kwa ajili ya mstari ambao hakuuandika. Basi kanuni ni hii: atakayelemewa na maandishi ndiye ayaseme. Kwa kipimo hicho, kila aliyekaa mbele ya kishikwambi changu alistahili imla, nami nilimnyang'anya. Alisema "sina simu". Nikaandika kwamba anayo. Nyota nyekundu ilikuwa imla ya mwenye nguvu, iliyosomwa mapema kutoka chumba chenye feni, kabla yule mama hajafungua kinywa.

Na aya haiishii hapo. Inataka deni liwe na muda unaojulikana. Inataka mashahidi. Inaonya watu wasichoke kuandika, dogo au kubwa. Lakini papo hapo inasamehe biashara ya mkono kwa mkono: ukinunua ndagala ukalipa ukaondoka, si lazima kuandika. Yaani kuna mambo ambayo haki yake ni kutoandikwa. Sisi leo tumepindua. Mtu hanunui vocha bila kuacha jina, mahali na saa, na hakuna anayemwambia taarifa hizo zitakaa mpaka lini.

Mwisho aya inakataza kumdhuru karani na shahidi. Niliposoma hapo nikawakumbuka makarani wa zama zetu kule Nairobi, vijana wanaoketi mbele ya skrini kuyachambulia makampuni ya Marekani maneno na picha za kutisha. Mwaka 2022 Daniel Motaung, mmoja wa waliofanya kazi hiyo, aliishitaki Meta, kampuni ya Facebook, pamoja na kampuni ya Sama iliyomwajiri, katika mahakama ya Kenya. Na Januari 2023 jarida la TIME liliandika kwamba wafanyakazi wa aina hiyo, waliochambua maandishi ya kuifunza akili bandia, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Akili bandia inayosifiwa kwa ufasaha imeandikiwa na makarani waliodhuriwa.

*

Jirani yangu ni katekista mstaafu. Husali katika kanisa la Mushasha na huniita Karani kwa utani. Agosti 2024, makarani wa sensa walipopita Yoba na vishikwambi vyao, nilimkuta ameketi kizingitini na Biblia magotini. Nikamwambia habari ya aya yangu. Akacheka: "Nyinyi mna karani mwadilifu. Sisi tuna mfalme aliyehesabu watu akaleta tauni."

Akanieleza kisa cha Daudi kilicho katika Samweli wa Pili, sura ya 24. Mfalme aliamuru watu wahesabiwe, Yoabu, jemadari wake, mtu asiyejulikana kwa huruma, akamsihi aache, mfalme akashikilia. Hesabu ilipoletwa moyo ukamchoma, na tauni ikaua watu elfu sabini.

"Basi dini yenu inakataza sensa?" nikamuuliza.

"Hapana, Karani. Musa naye alihesabu, kwa amri ya Mungu, hata kitabu kizima kikaitwa Hesabu. Mimi naona kosa la Daudi lilikuwa kuhesabu watu kama mtu anavyohesabu mbuzi wake. Ukihesabu mbuzi, unajiuliza una utajiri gani. Ukihesabu watoto wako, unamtafuta ambaye hajarudi."

Sijui kama padri wake angeikubali tafsiri hiyo, lakini mimi niliikubali. Ndiyo tofauti kati ya mali na amana. Mali unaihesabu ili ujue ulicho nacho. Amana unaihesabu ili ujue unachodaiwa. Makampuni yanapenda kusema kwamba data ni mafuta ya karne hii, na kwa kweli yameisema siri yao: mafuta huchimbwa, na kisima hakiulizwi. Nayo yanapoulizwa yanaonyesha kile kisanduku ambacho sote tumekibofya bila kusoma: si umekubali? Kwa baba, hata mteja aliyekubali hakuachiwa hivyo hivyo. Daftari lilizungushwa, akasomewa, akaulizwa. Amana haiwi nyepesi kwa kuwa mwenyewe alikukabidhi akiwa na haraka.

*

Mwezi uliofuata nilipanda basi kwenda Muyinga kuomba radhi. Barabara ya kutoka Gitega kwenda Muyinga hupitia Karuzi, na mtu wa rika langu hapiti Karuzi akiimba. Mwanzoni mwa 2020, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi ya halaiki ya mauaji ya mwaka 1972 kwenye kilima cha Bukirasazi, tarafa ya Shombo, karibu na mto Ruvubu, na Februari ikatangaza mabaki ya watu 6,032. Miwani, rozari, vifungo vya mashati. Wazee wanaukumbuka mwaka ule kwa orodha: majina yalisomwa shuleni, maofisini na kambini, na waliosomwa hawakurudi. Waliitwa kwa majina yao, wakazikwa bila majina.

Jirani zetu wa Rwanda walikuwa na kitambulisho chenye kabila, urithi wa utawala wa Wabelgiji wa miaka ya 1930. Walioingiza mstari ule kwenye kadi walidhani wanapanga mafaili. Mwaka 1994, vizuizini, kadi ile ile ikawa hukumu. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba fomu ni karatasi tu, namjibu kwamba katika nchi hizi mbili fomu imekwisha kuua.

Na sisi wa Yoba? Sisi tuna matatizo ya kisanduku. Wajerumani walipohamishia makao yao Gitega mwaka 1912, Waswahili walikuwa miongoni mwa wachuuzi, askari na makarani wao. Babu wa Ujiji alimwoa bibi wa kilima hiki hiki. Mtu akituuliza sisi ni nani, wengi hujibu: Waswahili. Ni jibu la kweli, na halimo kwenye fomu. Niliwahi kuona karani akimtazama binti yangu urefu na pua, kisha akamchagulia kabila. Alikuwa na adabu, alisema, "Tuweke hapa tu, mfumo usigome." Ni ndugu wa lile neno langu, ni ya kujaza tu.

Ingekuwa rahisi kuhitimisha: basi tusiandike kabila, tusihesabu, tuchome madaftari yote. Siwezi. Mkataba wa Arusha wa 28 Agosti 2000, uliotusaidia kutoka vitani, ulizaa Katiba ya 2005 iliyojengwa juu ya hesabu: katika Bunge, Wahutu asilimia 60, Watutsi asilimia 40, Watwa viti 3, wanawake wasipungue asilimia 30. Bila kuhesabu, aliyekuwa akinyimwa angeendelea kunyimwa, na anayenyima angesema "hapa hatuna ukabila". Mtwa asiyeandikwa popote hana hata pa kulalamikia. Kuandikwa nako ni haki. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na watu vilevile.

Lakini hesabu hiyo hiyo ina kisu mgongoni. Mwishoni mwa Septemba 2018 serikali ilisimamisha kwa miezi 3 mashirika ya kigeni mpaka yatimize sheria ya 2017, na moja ya masharti lilikuwa mgawo wa kikabila kwa wafanyakazi. Shirika la Handicap International lilichagua kufunga milango yake nchini kuliko kuandika makabila ya watu wake. Wapo waliosema ni kiburi cha wageni. Wapo waliosema ni ujasiri. Mimi najiuliza swali la baba: wafanyakazi wenyewe waliambiwa "sema mwenyewe"? Na waliambiwa karatasi hiyo itachomwa lini?

Kuhusu muda, Katiba ya 2018 imenifundisha kitu. Iliubakiza mgawo, lakini ikaipa Seneti miaka 5 kupima kama uendelee au ukome. Sisemi Seneti iamue nini. Nasema walioandika kifungu kile walijua kwamba kumwita mtu kwa kabila lake, hata kwa nia ya haki, ni deni lenye tarehe. Wahenga husema wino wa Mungu haufutiki. Ni kweli, na ndiyo sababu wino wa karani unapaswa kufutika. Anayeandika watu kwa wino usiofutika amejipa cheo kisicho chake.

Haya si ya Burundi peke yake. Kenya ilipoanzisha Huduma Namba mwaka 2019, kati ya waliotangulia mahakamani walikuwa Wanubi, wazao wa askari walioletwa na Waingereza, watu wanaojua maana ya kukosa kisanduku; Waswahili wenzetu wa historia, ukipenda. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ya Nairobi ilizuia kukusanywa kwa vinasaba na ramani ya makazi ya watu, ikataka kwanza pawe na kanuni za kulinda taarifa hizo. Oktoba 2021, Jaji Jairus Ngaah akasema kadi zilitolewa kinyume cha sheria kwa kuwa athari zake kwa wenye taarifa hazikupimwa kwanza. Ukiitazama hukumu hiyo kwa macho ya dukani, inasema: zungusha daftari kwanza, ndipo uandike.

*

Mama Zuhura nilimkuta pale pale sokoni, na sinia lake la ndagala. Alinitambua kabla sijajitambulisha. Nikachuchumaa, maana nilikuwa nimekuja kama mdeni, nikamweleza yote: nyota nyekundu, kitufe cha kijivu, foleni, msimamizi. Alinisikiliza huku akifukuza nzi kwa kipande cha gazeti.

"Unanieleza habari za mashine," akasema. "Mimi nilikwambia wewe."

Sikuwa na jibu. Alikuwa ametoa hukumu ambayo mashingantahe, wazee wetu wa haki wanaosikiliza mashauri hadharani, wangeikubali bila kwenda kando kunong'ona. Fomu haina masikio, karani anayo. Naweza kumlaumu aliyeisanifu, na namlaumu, kwa sababu hakuweka nafasi ya neno "sina", jibu la kawaida kuliko yote katika vilima vyetu. Lakini mama hakumwambia yeye. Aliniambia mimi, kwa Kiswahili fasaha, na mimi nikatafsiri ukimya wake kuwa ridhaa.

Leo nina kibanda cha kutuma na kupokea pesa kwa simu, hatua chache kutoka lilipokuwa duka la baba. Mteja akija nampa simu aisome. Asiyejua kusoma namsomea, jina na kiasi, huku kidole kikifuata skrini. Daftari la kibanda nalichoma kila muda wake unapokwisha. Vijana hunicheka kwamba nachelewesha foleni. Ni kweli naichelewesha.

Na nyinyi mnaosoma kompyuta hapa Gitega na kule Bujumbura, mtakaokuja kutengeneza fomu za shule, za hospitali, za mbolea na za mikopo, nawaomba mambo machache tu. Wekeni nafasi ya "sina", ya "sijui" na ya "sitaki kusema", na kitufe kiwake kijani. Wekeni ukurasa wa mwisho unaomsomea mtu, kwa lugha yake na kwa sauti, yale yaliyoandikwa juu yake. Andikeni siku ya kuyafuta, na mkaifuate. Kile kisichohitajika msikiulize. Na kabla ya kumpa karani kishikwambi, mwambieni kwamba anaruhusiwa kusimamisha foleni.

Dawa ya deni kulipa, lakini langu bado. Nimeuandikia ule mradi barua 3 kuomba nambari ile ifutwe kwenye jina la Mama Zuhura. Barua moja imejibiwa: wameniomba nijaze fomu.